Bastola Niliyoinyamazia

Mjomba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila salamu. Mkono ungegoma.

Ninaandikia kwenye meza yako ya kazi, hapa dukani, saa nne asubuhi, mlango umefungwa kwa ndani. Ninaogopa. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita ninaogopa hata mlio wa simu. Mtu akipita nje akisimama kidogo kutazama dirisha letu, narudi nyuma ya kabati. Miezi mitatu sasa tangu tukuzike kihambani, kwenye migomba yako, na watu wanasema nimekonda kwa ajili ya msiba. Nawaacha waseme hivyo. Ukweli ni kwamba kuna jambo nilipaswa kukwambia ukiwa hai, ukiwa umekaa kwenye kiti hiki, nami nimesimama upande wako wa kushoto kama kawaida yetu, na sikusema.

Ni kuhusu bastola ya Mwalimu Kalisti.

Unalikumbuka lile sanduku la mwisho. Bastola tisa za zamani, zile za silinda inayozunguka, zilizokuwa za polisi wa nchi za mbali. Wenyewe walichukua silaha mpya, hizi wakazirudisha kwa wauzaji, na baada ya safari ndefu ya vibali na mihuri zikafika mezani kwako. Ulilifungua lile sanduku polepole kama mtu anayefungua zawadi mbele ya watu. Ukanionyesha ya kwanza, rangi imetoka mdomoni na ubavuni hadi chuma cheupe kinaonekana, nikasema hii imechakaa. Ukacheka. "Hiyo ni ngozi tu, Aikande. Imekaa kiunoni miaka ishirini, inaingia kwenye ala inatoka, inaingia inatoka. Polisi anaibeba kila siku, anaifyatua siku ya mazoezi. Usihukumu ngozi. Tazama tumbo."

Na tumbo ulinifundisha kulitazama. Kwanza fungua, hakikisha matundu yote sita ni matupu, kwa jicho na kwa ncha ya kidole cha mwisho. Halafu mpe mwenzako naye ahakikishe, hata kama mwenzako ni askofu. Halafu tochi ndani ya mtutu, uone mistari kama imesimama au imelika. Halafu tikisa silinda mbele na nyuma kwa kidole gumba, usikie inacheza kiasi gani. Na mwisho ile kazi uliyoipenda kuliko zote: kuvuta nyundo pole, pole sana, ukiizuia silinda kidogo tu kwa kidole, ukisikiliza ile "tik" ndogo ya silinda kukaa mahali pake kabla nyundo haijafika mwisho. Mara sita, kila tundu na zamu yake. "Tundu lisipokaa sawa na mtutu, risasi inaingia kwa bega badala ya kichwa. Inachubuka. Na kilichochubuka lazima kitokee mahali."

Sikuwahi kuzoea, Mjomba. Miaka saba kazini na bado viganja vilitoka jasho kila nilipogusa chuma. Nilipokuja mara ya kwanza, mama amenituma kwako baada ya chuo kunishinda, nilikwambia wazi kwamba hivi vitu vinanitisha. Ulisema mtu ambaye havimtishi humtaki karibu na meza yako. Basi nikabaki.

Sasa nifike pale.

Ilikuwa baada ya chakula, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na ulibakiwa na bastola mbili za kukagua. Moja ilikuwa ile yenye kijipete chini ya mpini. Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilikuona ukimimina chai pembeni ya kikombe. Ulifuta meza haraka, ukanitazama kuona kama nimeona, nami nikajifanya natafuta bisibisi. Nilikuona pia ukisogeza karatasi za vibali hadi karibu na pua, halafu ukizirudisha mbali, halafu unasema taa ya dukani imekuwa mbaya. Taa ilikuwa ile ile.

Uliichukua ile yenye kijipete. Ukavuta nyundo mara sita. Ukasema, "Hii imenyooka," ukanipa.

Nikarudia, kama ulivyonifundisha. Tundu la kwanza, tik. La pili, la tatu. La nne halikusema kitu. Nyundo ilifika mwisho na silinda ilikuwa bado njiani, kama unene wa ukucha. Nikairudia. Ikawa hivyo hivyo. Nikamulika pale mtutu unapoanza, nyuma, nikaona kama alama imekwaruza upande mmoja.

Nikasema, "Mjomba, hii si tuitazame tena?"

Ukageuka. Ukaniuliza, "Umeona nini?"

Na mimi nikasema, "Hakuna."

Hilo ndilo jambo lenyewe, Mjomba. Neno moja. Sikuogopa kwamba utanifokea, hukuwahi kunifokea. Niliogopa uso wako. Niliogopa kwamba nikisema la nne halikai, utaelewa kwamba umelipita na hukuliona wala hukulisikia, na kwamba mimi nimejua, na kwamba kuanzia hapo wewe si fundi tena. Nikajiambia nitaitenga kesho, kimyakimya, nitaiweka na zile tatu tulizozikataa. Kesho yake nilipofika dukani saa mbili, Mwalimu Kalisti alikuwa ameshaketi na wewe, kibali chake mkononi, anaeleza habari za ng'ombe wake wawili walioibwa. Ile yenye kijipete ilikuwa mbele yake. Ulikuwa unamwonyesha jinsi ya kuifungua. Nilisimama mlangoni na mwavuli. Nikawasalimia. Nikaenda kupika chai.

Wiki tano baadaye presha ikakuangusha, na siku nne baada ya hapo hukuwepo. Katika msiba, katika kupokea watu na kupanga viti, nilijisahaulisha. Mtu anaweza, akitaka.

Jumatatu, simu ya duka ikaita. Alikuwa yeye, Mwalimu Kalisti. Alinipa pole tena, akauliza hali ya mkeo, Mama Upendo, akazungumza habari za kahawa. Mwishoni ndipo akasema, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Binti, nilikuwa na swali dogo. Juzi mchana mbwa wasio na mwenyewe waliingia zizini, mke wangu akiwa humo, wakamshika ndama. Nikapiga risasi moja ardhini kuwatisha. Wakakimbia, sawa. Lakini kuna kitu kilinichoma shavuni. Kama cheche. Hiyo ni kawaida ya hizi za zamani?"

Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili.

"Binti, upo?"

"Mwalimu," nikasema, "usiiguse. Tafadhali usiiguse tena, na mtu mwingine asiiguse. Nakuja kesho."

"Kwani ina nini?"

"Nitakwambia nikifika."

Hata hapo sikuwa na moyo wa kusema.

Jioni ile nilipanda kwako kumwambia Mama Upendo. Nilimkuta jikoni na nguo zake nyeusi anamenya ndizi za mtori. Nikamweleza yote, macho yako, tundu la nne, cheche. Aliendelea kumenya hadi ndizi zikaisha. Halafu akasema, "Ukienda kusema hivyo kwa watu, utakuwa umemzika mara ya pili. Wataambiana kwamba Eliakimu aliuza silaha mbovu. Miaka arobaini ya jina lake. Na duka likifungwa mimi nitakula nini, na wewe utakula nini?" Nikamwambia kwamba Mwalimu ana mke, na mke wake alikuwa zizini. Akanijibu, "Nenda basi," bila kunitazama.

Usingizi ulinipata kidogo tu. Asubuhi nilichukua bodaboda kwenda Kibosho. Unaijua ile barabara ikinyesha. Mara mbili nilishuka nikatembea kwenye tope, kijana wa pikipiki akiisukuma. Nilikuwa nafikiria mkono wa Mwalimu. Unakumbuka ile picha uliyonionyesha ya silinda iliyopasuka, ulivyosema aliyeishika hakuweza tena kufunga vifungo vya shati lake? Njia nzima niliona vifungo.

Karibu na nyumba yake kuna uzio wa masale. Nikavunja jani moja. Nilitaka kumwendea kama wazee walivyoendeana, na jani mkononi, kuomba msamaha. Nikatembea nalo hatua chache. Halafu nikaona aibu, maana ukimpelekea mtu jani la isale umeshamfunga, hawezi kukataa. Sikutaka asamehe kwa kulazimishwa na jani. Nikaliacha juu ya jiwe.

Mwalimu alikuwa barazani. Kabla sijamaliza shikamoo niliona shavu lake. Kidonda kidogo, kama mbegu ya papai, kimeanza kukauka. Chini ya jicho la kulia. Mjomba, kati ya kidonda na jicho hapakuwa na nafasi ya kuweka kidole.

Mke wake alileta maziwa mgando, nikayaweka pembeni. Mwalimu akaingia ndani akatoka na bastola imefungwa kwenye kipande cha kitenge. Akaifungua pale pale akinielekea. Mdomo wa mtutu ulinitazama kifuani. Nikasogea pembeni.

"Mwalimu, iweke mezani. Ielekeze ukutani."

Akaiweka. Nikamwomba mke wake aende ndani. Nikafungua silinda, na mara ya kwanza niliikosa. Risasi sita. Alikuwa ameijaza upya baada ya wale mbwa. Tangu siku ile, akasema, ilikuwa imelala chini ya mto wake imejaa. Nikazitoa moja moja nikazipanga kwenye sahani, nikahakikisha kwa jicho na kidole, halafu nikamwomba naye ahakikishe. Akatazama, akasema ni tupu.

Nikavuta nyundo. Moja. Mbili. Tatu. La nne nililijua kabla sijalifikia.

Nilipomulika nyuma ya mtutu niliona ile alama haikuwa tena alama. Risasi ilikuwa imeacha madini yake pale, rangi ya kijivu iliyopakazwa upande mmoja, na chini yake ufa. Mwembamba kama unywele, umeanzia ukingoni unaingia ndani. Nilipumua kwa mdomo. Sijui kama ungefunguka kwa risasi ya pili au ya kumi. Hakuna anayejua.

Nikamwonyesha. Nikamweleza kama ulivyonieleza, risasi kuingia kwa bega. Alisikiliza vizuri, mwalimu wa hesabu yule, akauliza maswali mawili yaliyo sawa. Kisha akauliza la tatu.

"Hii imeharibika kwangu, au ilikuja hivi?"

"Ilikuja na kasoro, Mwalimu. Ufa ni mpya. Kasoro ilikuwepo."

"Na Eliakimu alijua?"

Mjomba, hapo ndipo nilipoogopa kuliko pote, hata kuliko pale mtutu uliponitazama. Ningeweza kusema hakuna aliyejua. Ufa ni mpya, angeamini. Ningeokoa duka na jina na mimi mwenyewe kwa sentensi moja. Na nilikuwa nimeshajizoeza kusema sentensi fupi.

Nikasema, "Mjomba hakujua. Macho yake yalikuwa yameanza kumwacha, alipita juu yake bila kuona. Mimi ndiye niliyeona. Nilijua siku moja kabla hujainunua. Nikanyamaza."

Kuku alipanda barazani akatembea mpaka karibu na meza, akaondoka. Mwalimu aligusa shavu lake, nadhani bila kujua kwamba analigusa.

"Mke wangu alikuwa amesimama hapa," akasema, akinyoosha mkono wake wa kulia, "umbali huu. Amemshika ndama."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nimefundisha watoto miaka thelathini na minne. Wapo wanaosema 'ni mimi' baada ya kugundulika, na wapo wanaosema kabla. Wewe umesema katikati. Sijui nikuweke wapi."

Nikalia basi. Sikutaka, lakini nililia. Hakunizuia wala hakunibembeleza. Alipoona nimetulia akasema hatanisamehe siku hiyo kwa sababu bado ana hasira, na hasira hiyo anaona ni ya haki. Lakini tutakwenda kituoni pamoja, yeye na bastola yake na kibali chake, na mimi na maneno yangu, na nitayasema mbele ya afande kama nilivyoyasema mbele yake.

Tukaenda. Niliandika maelezo kurasa tatu. Afande alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Alisoma, akarudia kusoma, akauliza, "Zilikuwa tisa. Hii moja. Nyingine ziko wapi?" Nikamwambia tatu tulizikataa na kuzirudisha. Tano ziko kwa watu. Akasema duka lifungwe kwanza, na zile tano zikaguliwe zote, na mimi niwepo, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki anayejua zilivyokuwa. Kuhusu leseni, na kuhusu mimi, wakubwa wataamua. Alisema hivyo tu, wataamua. Tangu hapo kila simu naona ni wao wameamua.

Nilirudi kwako nikiwa nimelowa. Mama Upendo hakuniuliza. Siku tatu tulikula meza moja kama wasafiri wasiojuana. Siku ya nne, Jumamosi, tukiwa tunachambua maharage uani, akaanza kuzungumza akitazama ungo.

"Nilikuwa namsomea Biblia," akasema. "Tangu Pasaka ya mwaka juzi. Alikuwa anaifungua magotini, watu wakija wakute imefunguliwa, lakini anayesoma ni mimi. Nikamwambia, baba Upendo, acha kazi. Silaha si mchezo. Unajua alinijibu nini?"

Nikasema sijui.

"Alisema, 'Aikande anaona. Mimi nampa yeye ndiye aangalie wa mwisho. Asiposema kitu, najua iko sawa.'"

Maharage yalinitoka mkononi.

Kumbe ulijua, Mjomba. Uliponiuliza umeona nini, ulikuwa unauliza kweli. Hukuwa unanipima. Ulikuwa umesimama gizani unamwuliza mwenye macho kama kuna shimo mbele, na mwenye macho akakwambia hakuna, kwa heshima. Kwa sababu alikuheshimu mno. Nimelirudia hilo kila siku tangu Jumamosi na bado sijui nilifanyie nini. Na wewe pia, nisamehe nikisema, ulikosea. Ungeniambia. Ungesema tu, "Sioni vizuri siku hizi." Tuliogopana, wewe kwa aibu yako na mimi kwa aibu yako hiyo hiyo, na katikati yetu tukampa mzee wa watu kile kitu akalale nacho chini ya mto.

Nimesema. Sikujua kwamba ninakukasirikia mpaka nilipoandika mstari huo.

Mbili kati ya zile tano zimeshakaguliwa. Ya yule mwenye mashine ya kusaga ni nzima, matundu yote sita yanakaa, nilikaribia kuibusu. Ya pili silinda inacheza mbele na nyuma kuliko inavyofaa. Si hatari ya leo, lakini nimeikataa, na mwenyewe amenitukana mbele ya wanawe. Alisema angekuwepo Eliakimu asingethubutu msichana kuja kumwambia habari za bastola. Niliandika kwenye fomu kile nilichokiona, mwandiko ukawa mbaya, afande akaniomba niandike tena.

Zimebaki tatu. Moja iko kule Mkuu, kwa yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na ndiyo ninayoiogopa zaidi, maana uliikagua siku moja na ile ya Mwalimu, asubuhi, nami nilikuwa nimetumwa posta. Hiyo sikuiangalia wa mwisho. Hakuna aliyeiangalia wa mwisho. Nimempigia mara mbili, anasema anayo kazi nyingi na bastola yake haina shida, ameipiga mwaka mpya ikaitika vizuri. Nimemwomba aiache kabatini bila risasi. Amesema sawa, kwa sauti ya mtu anayetaka kukata simu.

Tunakwenda kesho. Mama Upendo amesema atakuja na sisi. Sikumwomba. Alisema yule mtu alikula msibani kwetu, alishika jembe akasaidia kufukia, na hatafunga geti mbele ya mjane. Nilimuuliza kama haogopi watakayosema watu juu yako. Akasema anaogopa sana. Halafu akaniuliza tunatoka saa ngapi.

Mjomba, sina hakika kama nitarudi kwenye meza hii. Huenda wakichukua leseni nitakwenda kulima na mama, na huenda ni sawa. Lakini nakuahidi kitu kimoja, na ninakuahidi nikiwa naogopa, kwa sababu nikisubiri hofu iishe sitaahidi kamwe: hizo tatu nitazifikia zote, nitazifungua kwa mkono wangu, na nitakachokiona nitakisema kwa sauti mbele ya mwenye nacho, awe nani. Na wakiniuliza habari zako nitasema ulikuwa fundi mzuri ambaye macho yalimchoka, na kwamba uliniamini.

Lala salama, Mjomba wangu. Mvua imeacha kunyesha na afande amepiga simu sasa hivi, anasema gari litatoka saa kumi na mbili asubuhi. Nimemwambia tutakuwa wawili.

Mpwa wako,
Aikande